Zotero darasani: mapitio ya programu ya marejeleo kwa wanaofundisha uandishi wa utafiti

Zotero ni programu ya kompyuta isiyolipiwa, inayomsaidia mtafiti kukusanya machapisho, kuyahifadhi kwa mpangilio, kuyasoma, kuyadondoa na hatimaye kuyanukuu katika andiko lake. Nimekuwa nikiitumia katika kozi ya stadi za uandishi wa makala ya utafiti, pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza na wale wa uzamili wanaoandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mapitio haya yanaihukumu kwa kigezo kimoja tu: je, inamsaidia mwanafunzi kujifunza kazi ya utafiti, au inampunguzia tu usumbufu wa kupanga orodha ya marejeleo? Jibu langu ni kwamba inasaidia sana, kwa sharti kwamba mwalimu aitambulishe katika wiki za kwanza za kozi, wakati mwanafunzi bado anatafuta cha kusoma. Ikiletwa wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi, itampa orodha nadhifu ya machapisho ambayo hakuyasoma, na msahihishaji atapata tabu zaidi kugundua kwamba hayakusomwa.

Programu hii ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia nchini Marekani, kwenye kituo cha historia ambacho leo kinaitwa kwa jina la mwanzilishi wake, mwanahistoria Roy Rosenzweig. Asili hiyo inaonekana hadi leo. Waliobuni Zotero walikuwa watu wanaoishi na nyaraka, barua, magazeti ya zamani na vitabu vya kila namna, na ndiyo maana programu ina nafasi ya kuhifadhi aina nyingi za vyanzo kuliko makala za majarida peke yake. Mwanzoni ilikuwa ndani ya kivinjari cha Firefox; sasa inajitegemea katika Windows, Mac na Linux, na ipo pia katika simu. Toleo la 6 la mwaka 2022 lilileta kisomeo cha PDF ndani ya programu yenyewe, na toleo la 7 la mwaka 2024 likaongeza usomaji wa vitabu vya kielektroniki vya muundo wa EPUB. Kwa mwalimu, hatua ya mwaka 2022 ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Kwanza niseme tatizo tunalojaribu kulitibu. Wanafunzi wengi wanaofika vyuoni wameandika insha nyingi shuleni, lakini hawajawahi kuandika jambo ambalo kila dai lake linapaswa kuonesha lilikotoka. Wakitakiwa kuandaa pendekezo la utafiti, sehemu ya mapitio ya machapisho huwa ni msururu wa aya zinazoanza na "Fulani (2010) anasema" na "Fulani (2014) anaeleza", bila fulani hata mmoja kulinganishwa na mwenzake wala kuulizwa swali. Msimamizi husahihisha mabano na nukta, mwanafunzi hurekebisha mabano na nukta, na aya hubaki zilivyo. Kwa maoni yangu kasoro hiyo haianzii kwenye uandishi. Inaanzia kwenye usomaji: mwanafunzi alisoma bila kuandika chochote, kisha akarudi siku ya mwisho kuokota sentensi za kujaza kurasa. Chombo chochote kinachodai kufundisha uandishi wa utafiti kipimwe kwa jinsi kinavyogusa mahali hapo.

Tuanze na ukusanyaji. Mwanafunzi husakinisha programu yenyewe na kiendelezi chake, yaani programu ndogo ya nyongeza, katika kivinjari. Akifungua ukurasa wa makala, tuseme makala ya jarida la Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika hifadhi ya African Journals Online, hubonyeza alama ndogo iliyo juu ya kivinjari, na jina la mwandishi, mwaka, anwani (yaani kichwa) ya makala, jina la jarida, juzuu na kurasa huingia katika maktaba yake ndani ya Zotero, mara nyingi pamoja na faili la PDF. Kitabu chenye namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, huingizwa kwa kuandika namba hiyo tu, na makala yenye DOI, yaani utambulisho wake wa kudumu mtandaoni, vivyo hivyo. Kazi iliyokuwa ikimla mwanafunzi jioni nzima inakwisha kwa dakika chache, na urahisi huo ndio humfurahisha kila mtu siku ya kwanza.

Lakini urahisi huo una kasoro ambazo mwalimu mwangalifu atazigeuza kuwa somo. Zotero haijui ukweli wa taarifa inazozibeba. Inachukua kile alichokiweka mwenye tovuti. Anwani ya makala huweza kuja yote kwa herufi kubwa. Mwaka unaoingia huweza kuwa ule wa makala kupandishwa mtandaoni, wala si mwaka wa toleo la jarida. Mwandishi wa pili huweza kukosekana. Kosa lililo la kawaida kuliko yote katika darasa langu linahusu waandishi ambao ni taasisi: mwanafunzi anayeigawa Ofisi ya Taifa ya Takwimu katika visanduku viwili, kimoja cha jina la ukoo na kingine cha majina ya mbele, atakuta katika orodha yake mtu mmoja anayeitwa Takwimu, mwenye herufi za mwanzo ambazo hakuna awezaye kuzifasiri. Dawa yake ni kitufe kidogo pembeni mwa jina la mwandishi, kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Mwanafunzi akishaliona kosa hilo mara moja katika kazi yake mwenyewe, anaanza kuelewa kwamba kila rejeleo ni taarifa yenye sehemu zake, na kwamba kila sehemu ina swali inalolijibu: nani, lini, nini, wapi.

Kwa hiyo katika darasa langu hakuna anayeruhusiwa kuingiza chapisho kwa alama ya kivinjari kabla ya kuingiza machache kwa mkono. Kila mwanafunzi huchukua kitabu cha zamani kutoka rafu ya maktaba, kwa kuwa vitabu vilivyochapishwa kabla ya mfumo wa kimataifa wa ISBN kupitishwa mwaka 1970 havina namba ya kumrahisishia kazi. Hufungua ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake, akatofautisha mwaka wa chapa ya kwanza na mwaka wa kurudiwa kuchapishwa, akatofautisha mchapishaji na kiwanda cha uchapaji, kisha akabadilishana na jirani yake ili kila mmoja alinganishe kumbukumbu ya mwenzake na kitabu chenyewe. Wale wenye data za uwandani huuliza waweke wapi maneno ya wazee waliowahoji. Programu ina aina ya kumbukumbu kwa ajili ya mahojiano, lakini maneno ya mtoa taarifa wa utafiti wako ni data yako, na katika mtindo wa APA, yaani mtindo wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, hayaingii kwenye orodha ya marejeleo. Hilo Zotero haitamwambia mtu. Litasemwa na mwalimu.

Zoezi jingine ninalolipenda linatumia tarakimu moja. Kwa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Idadi hiyo imerudiwa magazetini, katika hotuba na kwenye tovuti za kila aina, mara ikikadiriwa kuwa milioni 61, mara milioni 62. Nikiwataka wanafunzi wainukuu, wengi huleta ukurasa wa kwanza waliokutana nao. Hapo huwarudisha wafuate njia, kutoka ukurasa huo hadi ulikoitoa, na kutoka huko hadi ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakiweka kila kituo cha njia hiyo ndani ya Zotero na kuviunganisha kwa sehemu ya machapisho yanayohusiana. Mwishowe huandika katika dondoo moja, yaani maelezo mafupi yanayohifadhiwa ndani ya programu, ni kipi watakachokinukuu na kwa nini. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya hivyo kwa tarakimu moja hatashawishika tena kwa urahisi kuandika "tafiti zinaonesha" bila kujua ni tafiti zipi.

Sasa nifike kwenye usomaji, ambako ndiko thamani kubwa ya programu iliko. PDF ikifunguliwa ndani ya Zotero, msomaji anaweza kupaka rangi sentensi, na kila sentensi iliyopakwa rangi inapata kisanduku chake cha maoni pembeni. Rangi zipo za kutosha kupewa kazi tofauti. Sisi tumekubaliana kwamba manjano ni dai kuu la mwandishi, kijani ni namna alivyopata data zake, nyekundu ni pale msomaji asipokubali au asipoelewa, na bluu ni chanzo kingine kinachofaa kutafutwa. Sharti lililo zito kuliko mpango wa rangi ni hili: hakuna kupaka rangi bila kuandika maoni, na maoni yaandikwe kwa maneno ya msomaji mwenyewe, macho yakiwa yameondoka kwenye sentensi ya mwandishi.

Baada ya usomaji, amri moja hukusanya rangi na maoni yote kuwa dondoo moja. Kila sentensi iliyonukuliwa huja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na ukiibonyeza inakurudisha pale pale ilipo katika makala. Dondoo hilo baadaye linaweza kuingizwa katika andiko, nukuu zake zikiwa hai, yaani zikiwa bado zimeunganishwa na maktaba. Mwalimu yeyote aliyewahi kumsubiri mwanafunzi apekue daftari akitafuta ukurasa wa nukuu aliyoiandika miezi mitatu iliyopita atatambua mara moja uzito wa jambo hili.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayeandika kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza baada ya mtoto kusoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Amesoma makala kadhaa. Kwa njia ya zamani angekuwa na muhtasari wa makala ya kwanza, wa pili na wa tatu, na mapitio yake yangefuata mpangilio huohuo, mwandishi baada ya mwandishi. Katika Zotero tunamtaka aweke lebo katika kila dondoo kwa kufuata jambo linalozungumzwa: moja kwa majibu ya wanafunzi katika mtihani, moja kwa uwezo wa walimu katika lugha, moja kwa matakwa ya wazazi, moja kwa upatikanaji wa vitabu. Akibonyeza lebo ya wazazi, mbele yake yanatokea madondoo kutoka kwa waandishi mbalimbali wakizungumzia jambo lilelile. Anaona kwamba huyu aliwauliza wazazi wa mjini peke yao, kwamba mwingine hakuwauliza kabisa bali aliwasemea, na kwamba wa tatu anapingana na wa kwanza. Aya ya mapitio imekwisha kuzaliwa hapo, na inaanza na swali wala haianzi na jina la mtu. Sijaona njia nyingine inayomfikisha mwanafunzi wa kawaida mahali hapo kwa wepesi huu.

Kuna faida moja zaidi inayotuhusu sisi tunaosoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Mwanafunzi anayesoma makala ya Kiingereza na kuandika tasnifu ya Kiswahili huweza kuamini kwamba akiitafsiri sentensi neno kwa neno amekwisha kuifanya yake. Mashine za kupima ufanano wa maandiko huenda zisilione jambo hilo, lakini tafsiri sisisi isiyooneshwa kuwa nukuu ni wizi wa kitaaluma kama wizi mwingine. Katika kisanduku cha maoni cha Zotero, sentensi ya asili na maneno ya mwanafunzi hukaa pamoja, moja juu ya jingine. Nikikaa na mwanafunzi tukapitia maktaba yake, ninaweza kumwonesha kwa kidole pale alipofikiri na pale alipogeuza lugha tu. Mazungumzo hayo hufanyika mapema, kabla ya kosa kuwa kosa la kinidhamu, na humwacha mwanafunzi na heshima yake.

Kisomeo hiki kina mipaka yake. PDF iliyotokana na kupiga picha kurasa za kitabu haina maandishi ambayo programu inaweza kuyashika. Unaweza kuchora kisanduku kuzunguka sehemu unayoitaka na kuandika maoni, lakini sentensi yenyewe haitaingia katika dondoo. Zotero peke yake haigeuzi picha kuwa maandishi, na tasnifu nyingi za zamani katika hifadhi za vyuo vyetu ni za namna hiyo. Namba ya ukurasa pia yahitaji jicho. Programu huweza kuhesabu kurasa za faili badala ya kurasa za jarida, hata makala inayoanza ukurasa wa 87 ikaonekana kuanza ukurasa wa 1. Kurekebisha ni rahisi, lakini kufanyike kabla ya kuanza kupaka rangi, la sivyo nukuu zote zitabeba namba za uongo.

Katika kupima ubora wa vyanzo, Zotero inatoa msaada mmoja ambao natamani kila mwanafunzi auone. Tangu mwaka 2019 imeunganishwa na kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa baada ya kuchapishwa. Huwataka wanafunzi waingize makala maarufu ya Andrew Wakefield na wenzake iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1998, iliyowahusu watoto 12 na kuzua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Jarida liliibatilisha makala hiyo mwaka 2010. Mara tu inapoingia katika maktaba, utepe mwekundu hutokea juu ya kumbukumbu yake kueleza kwamba imebatilishwa, na mtu akijaribu kuinukuu katika andiko programu humwonya tena. Kwa wanafunzi wengi hiyo ni mara ya kwanza kutambua kwamba jarida kubwa linaweza kukosea na kwamba kuchapishwa hakufungi mjadala.

Uhitaji wa stadi hiyo umeongezeka tangu programu za mazungumzo za akili unde zilipoenea, kwa kuwa zinaweza kubuni marejeleo yenye sura kamili ya ukweli: jina la msomi anayejulikana, jarida lililopo kweli, juzuu na kurasa. Mwanafunzi akiweka DOI ya rejeleo kama hilo katika Zotero, ama haitapatikana, ama italeta makala nyingine kabisa. Nasisitiza hata hivyo kwamba kukosekana kwa DOI peke yake hakuthibitishi uongo. Vitabu na makala nyingi za Kiswahili hazina DOI, na mwanafunzi asije akazitupa kwa sababu mashine haizijui. Kwa vyanzo hivyo kanuni yetu ni ya kale: kilichonukuliwa kiwe kimeshikwa mkononi.

Uwekaji wa nukuu katika andiko, ambao wengi huudhania kuwa ndio programu nzima, hauhitaji maelezo marefu. Zotero hujiunga na Microsoft Word, LibreOffice na Google Docs. Unaweka kishale mahali pa nukuu, unatafuta jina la mwandishi, unaongeza ukurasa, na orodha ya marejeleo hujijenga yenyewe mwishoni. Mitindo iliyopo inazidi 10,000, ikiwemo APA ya toleo la 7 lililotoka mwaka 2019, ambayo hudaiwa na idara nyingi. Jarida likitaka mtindo mwingine, andiko zima hubadilika kwa amri moja. Hata hivyo, APA hutaka anwani za makala ziwe na herufi kubwa mwanzoni tu na kwenye majina maalumu, na Zotero huziandika kama zilivyohifadhiwa. Kwa hiyo usafi wa kumbukumbu niliouzungumzia hapo juu ndio unaoamua usafi wa orodha.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili kuna kero ya kweli. Andiko la Kiswahili sanifu linanukuliwa kwa alama ya Kiingereza ya kuunganisha waandishi wawili (&), na kwa kifupisho cha Kilatini (et al.) pale tunapotaka "na wenzake". Wanafunzi hukimbilia kufuta maneno hayo kwa mkono, na programu ikijisasisha huyarudisha yote. Ufumbuzi wa kudumu upo: mtindo wa nukuu ni faili la maandishi ambalo maneno yake yanaweza kubadilishwa, na Zotero ina sehemu ya kuhariria mitindo. Hiyo si kazi ya kumbebesha mwanafunzi. Idara ya Kiswahili ya chuo ikimpata mtu mmoja mwenye subira na uelewa wa faili hizo, akaandaa mtindo wenye "na", "na wenzake", "mhariri" na "katika" mahali pake, faili hilo linaweza kusambazwa kwa wanafunzi wote na likatumika kwa miaka. Ninaziomba idara zetu zifanye hivyo.

Kizuizi kikubwa zaidi ni vifaa. Kuingiza nukuu katika andiko kunahitaji kompyuta. Programu ya simuni inafaa kwa kukusanya, kusoma na kuandika maoni, lakini haiwezi kuungana na Word ya kwenye simu. Aidha, wanafunzi wengi huandikia WPS Office, ambayo haimo katika orodha ya programu zinazoungwa mkono na Zotero. Andiko lenye nukuu hai likifunguliwa na kuhifadhiwa katika programu ya namna hiyo, nukuu zinaweza kugeuka kuwa maandishi ya kawaida na mawasiliano yake na maktaba yakakatika. Mwalimu awaambie wanafunzi jambo hili siku ya kwanza, na awaambie pia wasimamizi wenzake wanaopokea rasimu na kuzirudisha na maoni. LibreOffice ni ya bure na inafaa kabisa. Kwa mwanafunzi mwenye simu peke yake kuna tovuti ya ZoteroBib, iliyotolewa na watengenezaji haohao, inayotengeneza orodha ya marejeleo bila kufungua akaunti. Inamsaidia katika kazi fupi, ingawa haimpi madondoo wala rangi, yaani haimpi lile lililo bora. Jambo la kufariji ni kwamba ikishasakinishwa kwenye kompyuta Zotero hufanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi anaweza kukusanya makala akiwa chuoni kwenye mtandao wa bure, kisha akasoma na kuandika nyumbani bila kugusa bando lake.

Maktaba za kikundi ni zawadi kwa mwalimu. Hufunguliwa bure, hazina ukomo wa idadi ya washiriki, na kila chapisho linaonesha aliyeliingiza na tarehe. Ninawagawa wanafunzi katika vikundi vya mada, na kila kikundi hujenga mkusanyiko wake mbele ya macho yangu. Naweza kuona ni nani anayekusanya bila kusoma, kwa sababu makala zake hazina rangi wala dondoo, na naweza kumwita mapema. Usahihishaji wa aina hii unachosha, sitalificha hilo. Darasa la wanafunzi mia mbili haliwezi kufuatiliwa hivyo na mwalimu mmoja, na vyuo vinavyotaka uandishi wa utafiti ufundishwe kwa dhati vitalazimika kutoa wasaidizi au kupunguza ukubwa wa madarasa.

Kuna stadi ambazo programu haizigusi kabisa. Haimsaidii mwanafunzi kuipunguza mada pana hadi iwe swali linalojibika, wala kuchagua sampuli, wala kupanga hoja ili aya moja iibebe inayofuata. Mwanafunzi mwenye maktaba ya makala mia moja na asiye na swali yuko palepale alipokuwa. Kwa sababu hiyo ninataka kila mmoja aandike swali lake la utafiti katika dondoo la juu kabisa la mkusanyiko wake, na alirekebishe kila anapomaliza kusoma makala mpya, akiacha matoleo ya zamani yaonekane. Mabadiliko ya swali hilo kuanzia wiki ya pili hadi ya kumi hunionesha ukuaji wake kuliko sura yoyote atakayoikabidhi.

Kuhusu gharama, programu, madondoo na taarifa za machapisho havilipiwi hata yakiwa mengi kiasi gani. Kinacholipiwa ni nafasi ya kuhifadhi mafaili kwenye seva zao: megabaiti 300 ni bure, gigabaiti 2 ni dola 20 kwa mwaka, na gigabaiti 6 ni dola 60. Mafaili ya kikundi huhesabiwa katika akaunti ya mwenye kikundi, jambo ambalo mwalimu alijue kabla ya kuwaruhusu wanafunzi wapakie PDF. Megabaiti 300 hujaa haraka kwa mtu wa uzamivu, lakini hulazimiki kulipa, kwani mafaili yanaweza kubaki katika kompyuta yako. Washindani wapo: EndNote ni ya kulipia, na Mendeley, inayomilikiwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu mwaka 2013, hutoa gigabaiti 2 za bure. Ninaipendelea Zotero kwa kuwa msimbo wake uko wazi, inaendeshwa na shirika lisilo la faida, na mwanafunzi anaweza kuihamisha kazi yake yote kwenda programu nyingine wakati wowote.

Anayeanza aunganishe akaunti yake na seva siku ileile ya kusakinisha, ili madondoo yasipotee kompyuta ikiibiwa au ikiharibika. Mafaili yasiyotosha katika megabaiti 300 yanakiliwe pamoja na folda nzima inayoitwa Zotero, iliyo ndani ya folda ya mtumiaji wa kompyuta, na kuwekwa kwenye diski ya nje, programu ikiwa imefungwa wakati wa kunakili.